Cheni ya Fundi Nguo

Ilikuwa siku ya tano tangu vituo vya mafuta viishiwe, na mji mzima ulikuwa umerudia miguu. Mabasi yalilala, pikipiki ziliegeshwa kwenye vibaraza zikikaushwa na jua kama mbwa wagonjwa, na yeyote aliyekuwa na baiskeli, hata ile iliyokuwa ikifuga kutu nyuma ya choo, alipita mitaani kifua mbele utadhani kapandishwa cheo. Fundi Pindo naye alikuwa na baiskeli. Alikuwa nayo mpaka saa tatu kasorobo za asubuhi ile, alipotoka kwenda kununua uzi mweusi na cheni ikamkatikia katikati ya barabara, mbele ya macho ya watu.

Fundi Pindo alikuwa fundi nguo. Jina la Pindo alipewa na wateja, maana hakuna aliyewahi kuona pindo lake likifumuka. Suruali ingechakaa, ingepauka, ingegeuka tambara la kufutia sakafu, lakini pindo lingekuwa palepale. Aliiokota cheni, akaitia mfukoni bila kujali mafuta, akaanza kuikokota baiskeli kurudi nyumbani huku akiitikia pole za wapita njia kwa kichwa.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, viatu vya safari miguuni.

"Wamepiga kutoka hospitali," alisema. "Yule mama wa kitanda cha jirani. Anasema mama anapasuliwa leo."

"Si walisema Alhamisi?"

"Walisema. Sasa wanasema leo, saa saba mchana. Na mama kamwambia anipigie, anataka kuniona kabla hajaingizwa. Ana neno anataka kuniambia."

"Neno gani?"

"Baba Pacha, ningelijua ningekimbilia nini?"

Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji, kilomita kumi na nne, na wageni walifunguliwa geti saa sita. Mama Pacha alikuwa ameshapiga hesabu zake. Akianza kutembea wakati uleule, na goti lake lile, saa sita na nusu angekuwa wodini. Nusu saa nzima ingebaki ya kukaa na mama yake. Alikwishachukua mtandio.

Fundi Pindo alilitazama goti. Lilikuwa limevimba tangu miezi miwili nyuma, na asubuhi alikuwa akilisikia likilia mkewe anapoinuka kitandani. "Kwa goti hilo utafika umebebwa," alisema. "Nipe nusu saa. Nampelekea Spoku, anaifunga cheni, nakupakia kwenye keria. Saa sita geti likifunguliwa sisi wa kwanza."

Mama Pacha aliitazama barabara, kisha akamtazama mumewe. Mafundi nguo wanajulikana kwa ahadi za njoo kesho, na wengi wao Mungu ndiye ajuaye watajibu nini siku ya hesabu. Huyu wake hakuwa hivyo. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa, pacha wao wa kike wameshaolewa na kwenda mbali, hakukumbuka hata siku moja aliposema nusu saa ikawa saa. Akaketi kwenye kizingiti, mtandio mapajani, viatu bado miguuni.

*

Kwa Spoku palikuwa na foleni ya baiskeli kumi na tisa. Spoku, fundi baiskeli wa mtaa, alikuwa amepiga magoti katikati ya vyuma, mikono myeusi hadi viwikoni, amevimba kichwa kwa kutafutwa na kila mtu kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Spoku, ndugu yangu, nina dharura," Fundi Pindo alisema kwa sauti ya chini.

"Nani hapa hana dharura?" Spoku alijibu bila kuinua uso. "Huyu mkate wake unapoa. Huyu maji. Yule harusi. Wewe nini?"

"Cheni tu."

"Iache. Njoo jioni."

Fundi Pindo alitaka kumwambia kuwa ni mkwe wake, kwamba anapasuliwa saa saba. Lakini masikio kumi na tisa yalikuwa wazi, na ugonjwa wa mkwe ulikuwa wa tumbo la chini, mambo ambayo mkwe wa kiume hata kuyajua alikuwa ameyajua kwa bahati mbaya. Utaanzaje kuyasema mbele ya muuza mkate? Alisimama pale akiishika baiskeli kama mtu aliyekuja kuomba.

"Kwani wewe si fundi?" Spoku akasema, na sasa aliinua uso, ana kicheko. "Fundi ni fundi. Nenda kaishone."

Foleni nzima ikacheka. Fundi Pindo naye akacheka, maana mwanamume akichekwa hana pengine pa kukimbilia. Aligeuza baiskeli akaondoka, na nyuma yake mtu mmoja akaongezea, "Usisahau pindo," wakacheka tena.

Lugha yetu ina ukarimu mkubwa na neno lile. Anayejenga ukuta ni fundi, anayetengeneza saa ni fundi, anayeziba jino, anayetia viraka, anayepiga bati, wote tunawaita kwa jina moja na wote huitika. Hakuna lililomwambia Fundi Pindo kwamba kati ya fundi na fundi pana mto wa kuvuka. Alipofika kona ya nyumba yake maneno ya Spoku yalikuwa hayamchomi tena. Yalikuwa yamegeuka kuwa shauri. Fundi ni fundi. Kwani uongo?

*

"Spoku kasemaje?" mkewe aliuliza.

"Ana watu. Nitaifunga mwenyewe."

"Umewahi kufunga cheni?"

"Nimefunga zipu ngapi? Ni meno na meno tu, Mama Pacha."

Alitandika kitambaa safi sebuleni, kama anavyotandika anapokata nguo ya bibi harusi, akaipindua baiskeli ikasimama kwa kiti na usukani, magurudumu juu. Akapanga vifaa: nyundo, koleo, spana moja, msumari wa inchi tatu. Cheni akaifuta kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa. Pingili moja ilikuwa imepasuka. Akaielewa kazi mara moja: itolewe hiyo mbovu na mwenzake, ncha mbili zilizobaki ziunganishwe. Kitu gani hapo?

Sasa, fundi nguo mzuri akifumua hafumui nusu. Uzi wa zamani huutoa wote, kipande kwa kipande, mpaka kitambaa kibaki na vitundu vitupu, ndipo ashone upya. Aliyeacha uzi wa zamani ndani ni mchafu wa kazi. Fundi Pindo aliweka ncha ya msumari juu ya kipini cha cheni, akapiga, akapiga, kipini kikasogea, kikatoka, kikadondoka kwenye kitambaa. Akafurahi. Akakiokota, akakipangusa, akakiweka pembeni. Hakujua jambo ambalo anayejifunza baiskeli huambiwa siku ya kwanza: kipini hakitolewi chote. Huachwa kikiuma ukuta wa pingili kwa ncha yake, ili kikirudishwa kijue njia.

Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, na vidole vyake vilikuwa na mafuta. Akikisimamisha kwenye tundu, kinalala. Akikishika kwa koleo, kinaruka. Kiliruka mara moja hadi chini ya cherehani na wote wawili wakatambaa kukitafuta, mkewe akiburuza goti. Saa nne ikapita. Jasho jembamba lilimtoka Fundi Pindo, na kila alipopiga nyundo alisikia nyuma yake viatu vya mkewe vikisugua sakafu, vikikaa, vikisugua tena.

"Baba Pacha," Mama Pacha alisema, ilikuwa saa nne u nusu. "Mimi nianze kutembea. Ukimaliza utanikuta njiani."

Hakukuwa na maneno ya busara kuliko hayo siku ile. Hata Fundi Pindo aliyasikia kuwa ni ya busara. Lakini wakati uleule, chini ya kidole chake, kipini kilikuwa kimesimama. Kimeingia robo, kimeshika. Na kama ataondoka sasa, kwa mguu mbovu, na majirani wakamwona anachechemea peke yake juani, wakamuuliza mumeo yuko wapi, atajibu nini? Yuko nyumbani anashona cheni? Alilihurumia goti, hilo ni kweli. Alijihurumia na mwenyewe, na hilo pia ni kweli, na hakuwa na muda wa kupima lipi lilikuwa zito.

"Dakika kumi," alisema. "Imeshika. Njoo uone mwenyewe."

Akaja akaona. Akaketi tena.

Na kweli ilishika. Kipini kiliingia chote, cheni ikawa moja, akaivisha kwenye meno ya mbele na ya nyuma. Wangeweza kuondoka. Lakini alipoizungusha aliona inaning'inia, imelegea kwa chini kama tumbo la nguo iliyokatwa vibaya. Na kulegea, hicho ndicho kitu alichopigana nacho maisha yake yote. Akaikamata ile ziada kwa vidole viwili, kama anavyokamata kitambaa kiunoni mwa mteja, akajua pa kupunguza.

"Imekwisha?" mkewe aliuliza.

"Naibana kidogo. Ikienda hivi itatutoka njiani, tutaaibika."

Akatoa pingili mbili nyingine. Safari hii alikwishajifunza, kipini akakiacha kikiuma, kazi ikamtii. Akalivuta gurudumu la nyuma mpaka cheni ikanyooka kama mstari wa rula, akakaza nati kwa nguvu zake zote. Akaigusa kwa kidole. Haikutikisika.

"Ona," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye furaha. "Haichezi hata kidogo."

"Saa tano na dakika ishirini," alisema Mama Pacha.

*

Walikwenda vizuri, lazima isemwe. Barabara ilikuwa tupu, upepo kidogo nyuma, na Mama Pacha kwenye keria amemshika mumewe kiunoni kwa mkono mmoja na mtandio kwa mwingine. Pedeli zilikuwa nzito na cheni ililia kwa sauti nyembamba, lakini Fundi Pindo aliichukulia kuwa sauti ya kitu kipya. Walipopita ghala la saruji alisema, "Saa sita na robo tuko wodini," na mkewe, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akacheka kidogo na kumpiga begani.

Kilima cha mbele ya kiwanda cha magunia si kilima cha kutisha. Fundi Pindo aliinuka kwenye kiti ili akanyage kwa uzito, na cheni ikakatika kwa mlio mmoja mkavu. Goti lake likagonga usukani. Mkewe alitua kwa mguu ule mbovu, akashika ukuta.

Pingili tatu zilikuwa zimefunguka kwa pamoja, zimepindana. Hakukuwa na cha kuunga hapo, na nyundo ilibaki nyumbani. Waendesha baiskeli wawili walipita, wa kwanza na makreti ya mkate, wa pili na mgonjwa wake mwenyewe kwenye keria. Fundi Pindo aliwainulia mkono wote wawili, wakamwitikia salamu.

"Panda," alimwambia mkewe. "Nitakukokota."

Akamkokota. Penye tambarare mkewe alipanda, penye mwinuko alishuka, na Fundi Pindo alisukuma ile baiskeli kilomita saba, shati limemganda mgongoni, cheni mfukoni. Mara moja tu Mama Pacha aliuliza saa, na alipojibiwa kuwa ni saa saba kasoro dakika tano, alijifunika mtandio usoni, wakaendelea.

Walifika wodini saa saba na robo. Kitanda kilikuwa kitupu, shuka limekunjwa upande mmoja. Kwenye kitanda cha jirani aliketi mama mnene mwenye simu mapajani, yule aliyepiga asubuhi, naye alipomwona Mama Pacha aliijua sura papo hapo kwa jinsi ilivyofanana na ya mama yake.

"Wamemchukua sasa hivi," alisema. "Robo saa. Aliwazuia, mwanangu. Alikataa kulala kwenye machela, anasema mwanawe yuko njiani. Mpaka muuguzi akaenda kuchungulia kwenye ngazi kwa ajili yake."

"Alisema nini?" Mama Pacha aliuliza. "Kulikuwa na neno."

"Hilo hakuniambia. Alisema ni dogo, la binti yake." Yule mama akamgeukia Fundi Pindo, akamtazama mikono yake myeusi kwa upole. "Wewe ndiye mkwe. Alikuwa anatutuliza sisi yeye, jamani, badala ya sisi kumtuliza. Anasema msiwe na wasiwasi, watafika hao, mkwe wangu ni fundi, hashindwi na kitu."

Fundi Pindo alitoka nje. Alisimama kwenye veranda akashika nguzo, na mtu aliyepita akamuuliza kama anataka maji.

Daktari alikuja saa kumi. Alivua kofia yake ya kitambaa kabla ya kusema lolote, na Mama Pacha akajua kwa kofia ile.

*

Msibani watu waliuliza, kama watu wanavyouliza. Wanaume walikaa nje kwenye mabenchi na wanawake ndani, dirisha likiwa wazi katikati yao, kwa hiyo kila lililosemwa ndani Fundi Pindo alilisikia.

"Hukuwahi kumwona?" ilikuwa sauti ya shangazi wa Mama Pacha.

"Sikuwahi. Baiskeli ilitukatikia njiani."

"Si ungetoka mapema kwa miguu, mwanangu? Simu ilikuja tangu saa tatu."

Fundi Pindo alikaza macho ardhini, kati ya viatu vyake viwili.

"Goti langu hili, shangazi," Mama Pacha alisema. "Ni goti ndilo liliniangusha."

Wanawake wakalipa goti pole. Mmoja akaleta dawa ya kuchua.

Jioni ya siku ya pili alikuja Spoku, amenawa mikono mpaka imepauka. Alitoa mkono wa pole, akaketi, akainuka, akaenda pale ukutani baiskeli ilipoegeshwa. Fundi Pindo alimfuata. Spoku aliipokea cheni, akaivuta kati ya mikono miwili, akahesabu pingili kwa midomo.

"Nani aliifunga hii?"

"Mimi."

"Cheni inataka ilegee, Fundi," Spoku alisema taratibu, kama anayemweleza mtu habari za ugonjwa. "Kidole kimoja hivi, juu na chini. Ukiibana inajila yenyewe."

"Sikujua."

"Utajuaje? Mimi kola najua inakatwaje?" Aliigeuza ile cheni, akaigeuza tena. "Kwa nini hukuniambia, Fundi? Ungesema mkwe wangu yuko mahututi, ningeziacha zote. Ni dakika tano. Nilikuwa natania tu mimi."

"Najua ulikuwa unatania," alisema Fundi Pindo. Spoku aliomba aichukue baiskeli akaifunge cheni mpya, na Fundi Pindo akamwambia aichukue, aondoke nayo, hana haraka nayo.

*

Siku ya nne watu walitawanyika. Asubuhi, Mama Pacha alikaa kitandani akikunja nguo za marehemu zilizoletwa kutoka hospitali ndani ya mfuko wa plastiki. Zilikuwa chache. Gauni, mtandio, soksi za pamba, blauzi moja ambayo Fundi Pindo mwenyewe ndiye aliyeishona. Aliingia akaketi kando yake. Alikuwa hajalala vizuri tangu siku ile, na maneno aliyoyabeba yalikuwa yamemchosha kuliko ule mwendo wa kilomita saba.

"Ungeanza kutembea saa ile ya kwanza," alisema, "ungemkuta."

"Najua."

"Hata ulipotaka kwenda saa nne u nusu. Ungepata lifti, ungepata mtu njiani. Ungemkuta yuko kitandani anakungoja."

"Baba Pacha, najua. Nimepiga hesabu. Niliipiga siku ileile, nimekaa kwenye keria unanisukuma."

Aliinyoosha blauzi juu ya mapaja, akaikunja mikono ndani.

"Sasa mbona huwaambii?" Fundi Pindo akasema. "Mimi nakaa nje nasikia wanalipa goti pole. Wanakuchulia goti. Waambie. Waambie, 'Alikuwa yeye, alinikalisha pale kwa dakika kumi, dakika kumi, mpaka mama yangu akaondoka.' Na mimi niambie. Hata mimi hujaniambia."

Mama Pacha aliiweka blauzi juu ya nguo nyingine, akaisawazisha kwa kiganja, kisha akamgeukia, na usoni mwake hapakuwa na hasira, palikuwa na uchovu tu.

"Nikishasema ni wewe," alisema, "mama nitamlilia kwa nani?"

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu daktari avue kofia, kwa sauti, paji la uso limeegemea bega la mumewe. Fundi Pindo alikaa wima hivyohivyo, mkono ukafa ganzi, akauacha.